Ndugu wa Waliopona

Mwanga huanguka ndani ya tangi na samaki huukatakata. Asubuhi, jua likipenya dirisha la juu, maji huwa kama kitambaa cheupe kilichopitiwa na mkasi: mkia huku, pezi kule, mwanga vipande vipande. Ndivyo ninavyojua, dada, kabla sijahesabu chochote, kwamba wako hai.

Wako hai, na inaniuma.

Wako hai kwa sababu walikataa kufa. Niliwatia ugonjwa humu maabara kwa mkono wangu mwenyewe, kupima kinga yao, ugonjwa uleule ulioingia kwenye mabwawa yako ukawafanya perege wako wazunguke kama pia ya mtoto, macho yamewatoka, kisha walale ubavu juu ya maji. Samaki wa matangi ya pembeni walikwisha. Ukoo baada ya ukoo, niliwatoa kwa wavu. Ukoo huu mmoja uliyumba, ukaacha kula, ukarudi kula. Na ukoo huu, dada, ulitoka kwako. Ni wajukuu wa wale ulionipa kwenye ndoo, mabwawa yako yalipokuwa bado yanacheka, ukasema, "Chukua, kawasomeshe."

Nimewasomesha. Nimewachoma sindano, nimewatoa damu, nimekata ncha za mapezi yao nikazisaga nitafute vinasaba vyao. Nimeiuliza damu: kinga hii umeitoa wapi? Ni jeni ipi inayopiga kengele mapema, kabla adui hajavuka mlango? Damu imekaa kimya kama shahidi aliyehongwa. Mashine inaharibika. Kemikali inakwama bandarini. "Subira huvuta heri," asema mkuu wetu wa maabara, na mimi natamani kumwuliza heri hiyo inavutwa kwa kamba gani, maana mikono imenichubuka.

Na wewe unapiga simu. Unangoja vifaranga wa kujaza mabwawa upya, huulizi habari za damu. Unauliza neno moja: "Lini?"

Lini, nikivaa mabuti. Lini, nikinawa mikono kwa dawa mpaka ngozi inakauka. Lini, nikiokota maiti na wavu. Nilianza kulichukia neno hili, dada. Nilianza kuiacha simu iite mpaka ichoke.

Ukaja mwenyewe. Nikakuvua viatu mlangoni, nikakuvisha mabuti, nikakukanyagisha dawa, nawe ukacheka: "Haya, daktari wa samaki asiyejua kupara samaki, nimeshatakasika?" Kisha ukasimama mbele ya tangi. Mwanga ukakuchezea usoni, vipande vipande, na kicheko kikakuisha.

"Hii mikia naijua. Hawa ni wangu."

"Ni wako."

"Basi nipe. Wawili watatu tu, nikaanze upya."

Nikakueleza, na kila neno lilinichoma likipita. Aliyepona si lazima awe safi. Ugonjwa unaweza kujificha ndani yake. Yeye haumsumbui tena, lakini utawaua wale atakaowakuta bwawani. Hawa hawatoki hapa wakiwa hai. Hawazai. Kazi yao ilikuwa kutuonyesha ukoo wa kushika. Tutakaowazalisha ni ndugu zao tuliowatenga nyumba ya pili, ambao hawajaugua hata siku moja. Na hao nao hawatoki mpaka watoto wao wapimwe, na watoto wa watoto, maana huenda wanaojua kujikinga hawajui kunenepa.

"Kwa hiyo aliyepigana anauawa," ukasema, "na aliyelala ndiye anayeoa."

"Ndiyo."

"Na mimi nifuge nini? Maneno?"

Ulivua mabuti, ukavaa viatu vyako, ukasema unakwenda kutafuta lori la udongo. Mabwawa utayafukia, utapanda mboga. Hukusema kwa hasira. Laiti ungesema kwa hasira.

Kisha nikafanya kazi yangu. Tunatumia mafuta ya karafuu: matone machache humlaza samaki, mengi humlaza moja kwa moja. Chumba kizima kikanukia dawa ya jino, ile aliyotutia mama kwa pamba, wewe ukinishika mikono nisipigane. Nikamimina. Nililia, ndiyo, na glavu mkononi, bila hata kuweza kujifuta. Nilikasirikia ugonjwa, nikakasirikia taratibu, nikamkasirikia mkuu wetu na heri yake, nikajikasirikia mimi niliyezitia sahihi taratibu hizo na ambaye ningezitia tena kesho, maana ni za haki. Hilo ndilo linalokera kuliko yote, kwamba hakuna wa kumlaumu. Wakapunguza mwendo, wakalala.

Simu ikanyamaza. Siku zikapita bila lini. Nilidhani nitapumua, badala yake nikawa naitoa simu mfukoni katikati ya kazi, naitazama, nairudisha. Nilijua kimya hicho ni cha nini. Ni cha koleo na udongo. Huku nyumba ya pili ndugu wa waliopona walikula, wakakua polepole, polepole ya kutia wazimu, nami nikawasimamia nikisema kwa sauti, mtu mzima na akili zangu: kueni basi, kueni, mnangoja kubembelezwa?

Leo asubuhi nimesimama mbele ya lile tangi lao, tupu sasa. Nimelisugua, nimelijaza maji mapya. Jua limepenya dirisha la juu, na mwanga umelala ndani yake mzima mzima, bila mkato hata mmoja. Sijawahi kuona kitu kizuri kikanichukiza hivyo.

Ndipo picha yako ikaingia kwenye simu. Mabwawa mawili yamefukiwa, matuta tayari. La tatu, lile la mwisho kando ya ukuta, umelikausha, umelimwagia chokaa ya kuua ugonjwa, umelijaza maji tena. Hamna kitu ndani. Jua limelala juu yake mzima mzima, kama humu.

Chini ya picha umeandika neno moja. Nimeketi sakafuni, kwenye maji, na mabuti yangu, nikalisoma kama mtu aliyesikia akiitwa jina lake: "Lini?"