Kijiko Chini ya Mtutu

Miaka minne ilikuwa imepita tangu Heinrich Ziegenfuss azikwe, na bunduki ziliendelea kutoka katika karakana yake zikiwa na jina lake juu ya mtutu. Katika bonde la Tulpehocken hakuna aliyeona ajabu kwamba marehemu alikuwa akifanya kazi kwa bidii kuwashinda walio hai.

Mjane wake, Apollonia, ndiye aliyekuwa akizitengeneza. Kusema kweli, mitutu aliitengeneza yeye hata mumewe alipokuwa hai. Heinrich alikuwa na mkono mwepesi wa kuchonga vitako vya mbao na ulimi mtamu wa kupokea wateja, lakini ile kazi ya kukata mifereji ndani ya chuma, mifereji inayojipinda ili risasi itoke ikizunguka na kwenda moja kwa moja, ilimchosha kabla ya chakula cha mchana. Mkewe ndiye aliyesukuma na kuvuta kile kisu kidogo, mara mia na zaidi kwa kila mfereji, mifereji saba kwa kila mtutu. Alipomaliza, kabla chuma hakijalazwa juu ya mbao, aligonga upande wake wa chini alama ya kijiko, ndogo kama ukucha wa mtoto. Heinrich aliwahi kumtania kwamba chombo cha mwanamke ni kijiko. Mkewe alikwenda akatengeneza muhuri wa kijiko.

Sasa alitaka jina lake likae juu, mahali penye mwanga. Wateja walimweleza kwa upole kwamba bunduki yenye jina la mwanamke ingepiga kona. Wakanunua zenye jina la marehemu, wakaenda zao wameridhika.

Aliyemsumbua zaidi ya wote alikuwa Kaspar Drumheller, fundi wa ng'ambo ya kijito. Kwa kunakshi chuma hakuwa na mpinzani; herufi zake zilikaa juu ya mtutu kama maandishi ya Biblia. Alikuwa pia na bunduki aliyoiita Malkia, ambayo kwa misimu sita haikushindwa na yeyote, na kila aliyemsikiliza aliambiwa kwamba kila kipande chake kilitoka mikononi mwake mwenyewe. Kwa kuwa alikuwa rafiki wa Heinrich, alimwita Apollonia shemeji, na kwa ushemeji huo alimshauri kila wiki amuuzie kitanda cha kukatia mifereji, ile meza ndefu inayokiongoza kisu ndani ya mtutu, apumzike.

Siku moja Apollonia alipita karakanani kwa Drumheller, akamwonyesha kwamba skrubu moja ya bunduki aliyokuwa akimkabidhi mteja ilikuwa imelegea. Drumheller aliikaza huku amewageukia wateja.

"Shemeji," alisema, "hata siku ukiniona nimekosea, nyamaza. Usinifundishe kazi."

"Nimesikia, fundi."

Neno likazaa neno, hata wakawekeana dau. Balthasar Kreiser, mwamuzi wa mashindano ya kulenga shabaha, mtu mkavu aliyeheshimu kanuni kuliko jamaa zake, alikuwepo na akayashika maneno yao. Drumheller akishinda katika mashindano ya Oktoba, Apollonia angemwachia kitanda cha mifereji, na pasipo kitanda hicho hakuna fundi. Apollonia akishinda, Drumheller angelinakshi jina la mjane, kwa mkono wake mwenyewe, juu ya mtutu wowote ambao mjane ameutengeneza.

"Wowote?" aliuliza Apollonia.

"Chagua hata kumi, shemeji. Hutashinda."

Oktoba ilifika, na ng'ombe aliyeshindaniwa alifungwa pembeni akitafuna bila wasiwasi. Ubao uliochomwa ukawa mweusi uliegemezwa kwenye mti, hatua sitini, katikati yake alama nyeupe. Wanaume walimpisha mjane kwa adabu iliyojaa vicheko. Kufikia saa tisa alasiri vicheko vilikuwa vimepungua, maana waliobaki walikuwa wawili tu, yeye na Drumheller, na kila mmoja risasi moja. Kreiser alikumbusha kanuni: bunduki ikifyatuliwa isitoe risasi, imehesabiwa kuwa mwenyewe ametumia zamu yake.

Apollonia alipiga kwanza. Risasi yake ilikaa vidole viwili kutoka katikati. Watu walipiga makofi, lakini yeye alijua hesabu yake: Malkia mkononi mwa Drumheller ilikuwa na uwezo wa kukaa kidole kimoja, na kitanda chake kilikuwa kimeshaanza kuvuka kijito.

Alimsogelea mpinzani wake kumtakia heri. Drumheller alikuwa amesimamisha Malkia, mdomo juu, akiufuta. Apollonia aliinama kidogo, akachungulia. Mifereji saba, sita mipana, mmoja mwembamba. Aliukumbuka ule mwembamba kama mtu anavyokumbuka kovu la mwanawe. Ilikuwa majira ya baridi ambayo kisu chake kilimeguka ncha, na Heinrich, kwa haraka ya kuuza, akautoa mtutu huo bila kitako kwa mtu ambaye hakumtaja.

Hakubadilika uso.

"Fundi, mifereji hii uliikata mwenyewe?"

"Angeikata nani?"

"Nauliza nijifunze. Huu mmoja mbona mwembamba?"

Watu waliokuwa karibu walinyoosha shingo. Ilimbidi Drumheller atunge jibu. Alisema huo ulikuwa ufundi alioufikiria miaka mingi, kwamba mfereji mwembamba huipumzisha risasi, kwamba alikesha nao siku kumi na moja, hapana, kumi na tatu, kwamba fundi mmoja kutoka Lancaster alimsihi amfunulie siri akakataa. Uongo mrefu hutaka uangalizi, na uangalizi wake wote ulikwenda huko. Mikono, iliyoachwa peke yake, iliendelea na kazi kwa mazoea. Ilitandika kitambaa chenye mafuta juu ya mdomo wa bunduki, ikaweka risasi, ikachukua mdeki, ikaisukuma risasi hadi chini kabisa.

Pembe ya baruti, ile baruti inayopaswa kuitangulia risasi, ilikuwa bado imening'inia kiunoni mwake, kizibo chake mahali pake.

Apollonia aliiona. Alifungua kinywa, akakumbuka alichokatazwa mbele ya wateja, akakifunga, kwa utii ambao marehemu Heinrich hakuwahi kubahatika kuuona.

Drumheller alinyunyiza baruti kidogo kwenye kisahani cha gumegume kando ya mtutu, akalenga kwa madaha, akafyatua. Cheche ziliruka, moshi mdogo ukapanda, kisha kimya. Ng'ombe aligeuza kichwa.

"Imehesabiwa," alisema Kreiser.

Vicheko vilivyofuata vilimfanya Drumheller awe mwekundu hadi masikioni. Alimgeukia mjane.

"Uliona?"

"Niliona."

"Mbona hukusema?"

"Ulinikataza, fundi. Mimi ni mwanafunzi msikivu."

Kreiser alithibitisha kwamba alikuwepo na kwamba katazo lilitolewa. Drumheller aliikwapua Malkia aende zake, lakini mwamuzi alimzuia. Bunduki yenye risasi ndani haiondoki uwanjani, ndiyo kanuni. Bila baruti risasi ile isingetoka kwa mdomo, na chombo cha kuivuta hakuna aliyekuja nacho. Ilibidi mtutu ung'olewe kwenye mbao na kizibo cha nyuma kifunguliwe. Drumheller alipinga, akisema angefungua nyumbani. Kreiser alimnyooshea nyundo tu.

Pini zilitolewa moja moja, mtutu ukainuliwa. Kreiser, aliyekuwa akiushika, aliugeuza.

"Kijiko," alisema. "Ni alama yako, Kaspar?"

"Ya watu wa tanuri la chuma," alijibu Drumheller, na safari hii hakuwa akidanganya. Ndivyo alivyoamini miaka yote.

Apollonia aliketi juu ya gogo, akagonga pini za bunduki yake mwenyewe, akaugeuza mtutu juani. Kijiko. Mkulima mmoja aliyejivunia bunduki yake ya Heinrich aliikodolea macho kwa wasiwasi, kisha akaazima nyundo. Kijiko. Jirani yake akafuata. Muda si mrefu uwanja mzima ulikuwa ukigonga kama karakana, na vijiko vilikuwa vikitokea kila upande, chini ya jina la mwanamume ambaye mitutu yake walikuwa wakiisifu.

"Mbona hizi zangu hazipigi kona?" aliuliza Apollonia.

Mkulima alijifanya anatafuta pini iliyoanguka.

Kreiser alikohoa, akarudia masharti neno kwa neno: jina la mjane, mkono wa Drumheller, mtutu wowote ambao mjane ameutengeneza. Akamuuliza anachagua upi.

Apollonia alinyoosha kidole kwa Malkia.

Jumatatu iliyofuata Drumheller aliketi mbele ya Malkia, patasi mkononi, Apollonia akiwa kwenye kiti cha wateja. Fundi aliuliza, kwa sauti ya chini kabisa, kama herufi mbili za mwanzo zisingetosha.

"Mtutu ni mrefu, shemeji," alisema Apollonia. "Anza na A. Uandike jina lote."