Mstari Uliopita Desemba

Hajati Jalia hakujua kompyuta, ila alimjua mjukuu wake, na Shakirah hakuwa amegusa chakula tangu adhuhuri.

"Haboba," akamwambia nyanya yake, "ofisini tuna programu ya kuchora grafu. Ina mistari ya aina tatu tu: mzima, wa vipande na wa nukta. Wafugaji kuku wa Kasubi wako saba. Grafu yao ikichapwa kwa wino mweusi, hakuna anayejua mayai ya nani ni yapi. Nami bado niko kwenye majaribio; nisipoongeza aina nne kufikia Ijumaa, bosi ananiachisha kazi."

Jalia alikuwa anasuka tabaga, ile kawa ya rangi ya kufunikia sinia. "Kitendawili," akasema.

"Haboba, si sasa."

"Kitendawili."

"Tega."

"Natembea nikizama, natembea nikiibuka, njia siipotezi."

"Sindano," Shakirah akajibu kwa uchovu. Kisha akaitazama mikono ya bibi. "Hiyo unaihesabuje?"

"Tano juu, mbili chini, moja juu, mbili chini. Ua hili linaitwa Mwendo wa Bata. Na usikate katikati ya ua. Ua lisilofungwa ni aibu ya ukoo."

Shakirah akaomba maua mengine matatu, akayaingiza yote manne kwenye programu na hesabu zake, na sharti lile la aibu akalitia pia.

Ijumaa saa nne simu ikalia. "Haboba, njoo huku ofisini Kansanga. Mistari yako imenishinda."

Jalia akapanda boda, tabaga kwapani. Ofisini akawakuta wafugaji saba wameketi, na Tarcisio, yule bosi, amesimama mbele ya grafu ya mwaka jana iliyobandikwa ukutani. Mstari wa Nabangala, mwenyekiti wa wafugaji, uliochorwa kwa Mwendo wa Bata, ulikuwa umefika Desemba, ukakuta ua halijafungwa, ukaendelea zake. Ukavuka ukingo wa grafu, ukapanda juu ya nembo ya chama, ukatulia Machi.

"Hajati," Tarcisio akasema, "leo ni Januari. Haya mayai kayataga nani?"

"Mayai siyajui, baba. Ua limefungwa vizuri."

"Mimi nimeshayaahidi kwenye harusi," Nabangala akasema.

"Ya Machi?"

"Si hayo hapo ukutani?"

Mfugaji mwenzake, Wanyama, ambaye mstari wake ulipita Desemba ukaishia nusu ya Januari hii, akanung'unika kwamba kuku wake wameonewa. "Na mimi nipewe Bata."

Tarcisio akatoa karatasi, akaanza kuandika barua ya kumwachisha Shakirah kazi.

Jalia akavuta kiti karibu na mjukuu. "Ulipima ukingo kabla ya kuanza?"

"Ukingo gani?"

"Masikini mwanangu. Msusi hupima kwanza, halafu anabana au analegeza mishono, ua lifungwe pale pale ukingo unapoishia. Sikukwambia kwa sababu hata kuku wa huyu mama Nabangala wanajua hilo."

Shakirah akaandika maneno machache kwenye kompyuta, akachapa upya. Safari hii mistari yote ilikoma Desemba, kila mmoja na ua lake zima. Tarcisio akaifuata mmoja mmoja kwa kidole, toka Januari, asipotee hata mara moja. Akafuta neno "kuachishwa" kwenye barua, akaandika "kuajiriwa".

Nabangala akasimama. "Na Machi yetu mmeipeleka wapi?"

Wafugaji wakapiga kura kama Machi irudi, wakakubali sita kwa mmoja. Tarcisio, mtu asiyependa kupoteza wateja, akaongeza chini ya barua ile kazi ya kwanza ya mwajiriwa mpya: kurudisha Machi.

Wanyama, asiyetaka kuzidiwa, akaomba Aprili.