Mashua ya Mwisho Kuingia

Pale kwenye mdomo wa bandari desturi ilikuwa moja: mashua ya kwanza kutoka jioni huwasha taa, ya mwisho kurudi huizima. Ndivyo ilivyokuwa tangu babu zao waliporundika mawe meusi na kuliita rundo hilo mnara. Walianza na mafuta ya samaki, wakaja na mafuta ya taa, na hakuna aliyeizima mtu akiwa bado nje.

Basi Go Chang-bo alipokwenda kuvua ngisi asirudi, taa ilibaki ikiwaka, mchana na usiku, miaka kumi na moja. Mkewe, Bu Mal-sun, mpiga mbizi, ndiye aliyekuwa akiitia mafuta.

Sasa umeme ulikuwa umefika, na mnara wa saruji umesimama upande wa pili, mweupe kama jino la bandia. Asubuhi Hyeon, mkuu wa kijiji, alimkuta Mal-sun akifunga kamba kwenye kibuyu chake cha kuelea.

"Shemeji, jioni tunauwasha ule mpya. Taa mbili zitawachanganya watu."

"Huo mpya atauzima nani?"

"Unajizima wenyewe kukicha."

"Haumngoji mtu?"

Hyeon akakuna kichwa. "Ni umeme, shemeji."

"Haya. Yangu nitaizima leo, ila kwa desturi."

Alasiri, mashua ya wapiga mbizi ilipokaribia bandari, Mal-sun aliwaambia wenzake saba waache kupiga makasia. Mashua nyingine zikawapita, moja moja, hadi bahari ikabaki tupu.

"Dada, tunaganda," alisema Yang Chun-hwa, meno yakigongana. "Huyo mumeo alichelewa hata harusini kwake, tukala tambi zimeshikana kama gundi. Leo tena tumsubiri tumelowa?"

"Kidogo tu."

Chun-hwa akamsogelea ampe joto. Hakuna aliyeuliza kidogo ni kiasi gani. Mal-sun aliangalia mbali. Kila kilichotokea kilikuwa wimbi, au ndege.

"Tuingie," alisema hatimaye. "Nyuma yetu hakuna mtu."

Alipanda ngazi za mawe peke yake, akafungua kioo, akapuliza. Moto uliinama, ukasimama tena. Chini, wanawake saba walitulia, maji yakiwachuruzika.

Akavuta pumzi ndefu, ile ya kushukia kilindini, akapuliza tena.