Vesma wa Jicho la Kushoto

Kwa miaka kumi na moja Bi Lempi Saarela alikuwa na maoni ya aina moja tu kuhusu kazi yangu: ongeza bluu.

Namtumia kijipicha cha Vesma, mhusika wake, anajibu, ongeza bluu. Naongeza. Miezi mitatu ikipita, kila mhusika kwenye jukwaa letu la mtandaoni anapata kijipicha kipya cha majira mapya, naye anarudi palepale. "Gaylen, mbona umemfifisha? Ongeza bluu." Wenzetu walishaanza kutania kwamba Vesma siku moja atatoka kwenye skrini achafue mashuka ya mtu.

Mimi nachanganya rangi kwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Duluth, mji wa baridi kando ya ziwa. Nina diploma ya uchapaji. Kiwanda cha uchapaji kilifungwa, diploma ikabaki. Niletee kipande cha plasta kutoka bafu la bibi yako, nakutolea rangi ileile kabla hujamaliza kunisimulia habari za bibi. Na jioni, nikishakula, napaka watu.

Jukwaa letu lina watu kama thelathini wanaoandika hadithi moja isiyoisha, kila mmoja na mhusika wake. Mhusika lazima awe na sura. Unachukua picha ya mtu halisi, kwa kawaida mwigizaji fulani, unaniletea, naikata iwe mraba mdogo kama stempu. Halafu nampa ngozi ya majani, au ya shaba, au ya majivu, na macho ya rangi ambayo hospitali wangekulaza nayo siku hiyohiyo. Tuna sheria mbili. Sura moja, mhusika mmoja. Na usitumie sura yako mwenyewe. Hiyo ya pili ilikuja baada ya mwenzetu mmoja kuuawa kwenye hadithi akashindwa kwenda kazini wiki nzima.

Vesma ni mtu wa maji. Mhusika wangu ni Brom, mlinzi wa daraja, mnene kama mimi ila yeye ana pembe. Kwenye daraja la Brom hulipi pesa. Unasema jambo moja la kweli, unapita. Vesma amevuka mara nyingi kuliko mtu yeyote. "Leo maji ni baridi," anasema, anapita. "Viatu vimenichosha, na sina viatu," anapita. Nikiwa naandika naye, sakafu ya sebule yangu inakuwa na unyevu, taa inakuwa ya kijani, na nikiinua kichwa nashangaa kuona kuna kochi. Tangu nibaki peke yangu nyumbani, hayo ndiyo mazungumzo yangu marefu kuliko yote ya siku. Sisemi ili nionewe huruma. Kochi ni zuri.

Bi Lempi mwenyewe ana miaka sabini na moja. Aliendesha basi la shule miaka thelathini, na mpaka leo akisema "kaa chini" watu wazima wanakaa. Mwezi wa pili alinipigia simu.

"Daktari anasema nina mtoto wa jicho. Yote mawili."

"Hongera. Mapacha."

"Mjinga wewe. Anasema nimekuwa naangalia dunia kupitia kikombe cha chai. Miaka mingi tu. Wanamtoa wa kulia kwanza, wa kushoto wiki mbili baadaye."

Nilicheka naye, nikakata simu, ndipo likaniingia akilini. Kupitia kikombe cha chai! Rangi ya chai inameza bluu. Mimi, mtu wa rangi, sikujiuliza hata siku moja kwa nini mtu anakula bluu kiasi hicho hashibi. Nikamfungua Vesma kwenye kompyuta nikamtazama kwa macho ya mteja. Alikuwa ametoka kwenye ndoo ya bluu ya kufulia. Pua haikujulikana ilipoishia.

Na kosa lilikuwa langu, kosa ambalo kila mpaka rangi wa majukwaa anamwonya mwenzake nalo: usipake juu ya uliyopaka, rudi kwenye picha ya mwanzo. Mimi sikurudi. Picha ya mwanzo ilikuwa kwenye kompyuta iliyokunywa kahawa mwaka wa tatu. Tangu hapo nilikuwa napaka bluu juu ya bluu, majira kwa majira, kama mlango wa nyumba ya kupanga.

Siku chache baada ya jicho la kulia kufanyiwa upasuaji, nilikwenda kwake. Jikoni kwake kuna dirisha linalotazama ziwa lote mpaka linapokutana na mbingu. Alikuwa amekata mkate wa iliki, kahawa iko tayari, na kishikwambi chake kimelala kifudifudi mezani kama mtu aliyegombana naye.

"Gaylen. Huyu ni nani?"

Akakigeuza. Vesma alitung'aria.

"Ulisema ongeza."

"Nilisema ongeza, sikusema mchovye kwenye dawa ya choo!" Akacheka, na kicheko kikaisha katikati. Akaziba jicho la kulia kwa kiganja. "Huyu hapa. Vesma wangu." Akahamisha kiganja. "Na huyu simjui. Nikiziba hili jipya namwona, nikilizibua ananitoka."

Nje, barafu ya ziwa ilikuwa inalia kwa mbali, ule mlio kama mtu anavuta meza ghorofa ya juu.

"Alhamisi ya wiki ijayo wananifanyia hili la kushoto," akasema. "Baada ya hapo hatakuwepo popote. Wewe hukuwahi kumwona. Wale wote hawakuwahi kumwona. Yuko humu tu." Akagusa kope. "Nimeamua nitamzamisha."

Kuzamisha, kwetu, ndiyo mwisho. Unaandika mstari mmoja, mhusika anaingia majini, jina lake linahamishiwa chini kabisa ya orodha, nyuzi zake, yaani kurasa za mazungumzo yake, zinafungwa. Harudi. Hata ukililia wasimamizi, harudi. Nikaona daraja la Brom bila mtu, mvua ikinyesha juu ya pembe zake.

"Nipe mpaka Alhamisi," nikasema.

"Ufanye nini?"

"Kazi yangu. Mteja ana kipande cha plasta. Kiko ndani ya jicho lako la kushoto. Mimi natafuta kopo."

Akanitazama kwa jicho jipya, la rangi ya ziwa, ambalo sasa lilikuwa kali kama la kuku. "Unahitaji nini?"

"Picha ya mwanzo. Yule mwigizaji wa Kifini uliyeniletea mwaka wa kwanza."

Alikaa chumbani muda mrefu. Aliporudi alikuwa na picha ya karatasi, ya mwaka sabini na tisa kwa jinsi ilivyochapwa, na aliiweka mezani akaenda kuosha kikombe ambacho kilikuwa kisafi. Msichana amesimama ziwani, maji magotini, gauni limelowa mpaka kiunoni, amegeuza kichwa kama aliyeitwa.

"Hakuvuma sana," Bi Lempi akasema, mgongo wake ukiwa kwangu.

"Ndiyo, uliniambia."

Basi kila siku zamu ikiisha, saa tisa, nilikwenda na kompyuta. Nilimweka Vesma wa zamani upande mmoja, na msichana wa picha, nimempaka bluu ileile, upande wa pili. Bi Lempi anaziba jicho la kulia, anamtazama wa zamani kwa la kushoto. Anahamisha kiganja, anamtazama mpya kwa la kulia. Wakilingana, tumepata.

"Punguza," akasema.

Nikaacha kipanya. "Rudia."

"Punguza bluu, nimesema. Usinitazame hivyo. Kaa chini."

"Nimekaa tayari."

"Basi kaa zaidi."

Punguza. Punguza. Ngozi ikatoka kwenye bluu ya kufulia ikaingia bluu ya jioni, ikatoka huko ikaingia rangi ya bati la mvua. Siku ya tatu ilikuwa na kijani kidogo. Siku ya nne nilishindwa kusema ni rangi gani, na nina kadi mia tisa dukani zenye majina. Kiganja kinakwenda, kiganja kinarudi. Kufikia siku ya tano mle jikoni kila kitu kilikuwa kimelegea. Mvuke wa kahawa ulipanda polepole, mkate ulinukia, nje barafu ilipasuka vipande vikawa vinasukumana taratibu, na mwanga wa ziwa ukawa unatembea kwenye dari juu yetu kana kwamba sisi ndio tuko chini. Kuna wakati nilisahau nani anamtazama nani.

Macho niliyaacha mwisho. Macho ya Vesma siku zote yalikuwa ya asali. "Hapana," akasema, "punguza," na asali ikaisha yote, likabaki jicho la kijivu lenye uzi mwembamba wa njano ukingoni. Ile nukta nyeupe ya mwanga katikati sikuigusa. Ukiipaka ile, umeua mtu.

Jumatano alihamisha kiganja, akarudisha, akahamisha. Mara kumi, labda zaidi.

"Sijui tena ni jicho lipi," akasema kwa sauti ndogo. "Ni yuleyule."

Nilitazama na mimi. Hakukuwa na rangi kwenye uso ule, karibu. Ilikuwa ngozi ya mtu iliyolala chini ya maji ya kina cha mkono mmoja. Basi. Miaka kumi na moja nimepaka, na alichokuwa anakiona ni msichana aliyelowa.

"Hiyo picha aliipiga dada yangu," Bi Lempi akasema. "Mwezi wa sita. Maji yanakata miguu. Nilimwambia, mimi sitoki humu. Nikatoka, bila shaka, alfajiri nilikuwa na zamu ya basi." Akagusa skrini. "Huyu ndiye ambaye hakutoka."

Nikamimina kahawa.

"Sheria ya pili, Gaylen."

"Sheria gani?"

"Usijifanye."

"Bi Lempi, hilo sikio nimelipaka rangi majira arobaini na kitu. Mwaka wa pili ulikuja dukani kutafuta rangi ya mlango, ukavua kofia. Nikaliona. Nilijua kabla hujasema jina lako."

"Na hukusema?"

"Ulikuwa na haraka na mlango."

Akanipiga na taulo la vyombo, na si kwa utani wote. Kisha akakaa. "Chini ya bluu hakuna aliyejua. Hivi alivyo sasa, mtu yeyote aliyewahi kuniona atajua. Nimewadanganya miaka yote hii. Nikimweka hivi, wana haki ya kumfunga. Nikimrudisha kwenye ndoo, si yeye."

Nikamwachia kijipicha, nikaenda nyumbani.

Alhamisi wakamfanyia la kushoto. Ijumaa kimya. Jumamosi jioni nilikuwa kwenye kochi, jukwaa liko wazi, uzi wa daraja uko wazi, nasubiri ule mstari mmoja wa kuzama. Mvua ilikuwa inanyesha kwangu na kwa Brom.

Uzi ukasogea. Jina la Vesma likatokea, na pembeni yake, kidogo kama stempu, msichana wa kijivu amegeuza kichwa kama aliyeitwa.

*Vesma anapanda kutoka mtoni,* aliandika. *Anasimama mbele ya mlinzi. Anasema jambo moja la kweli: Hii ni sura yangu.*

Watu thelathini wanasoma uzi ule. Hakuna aliyeandika kitu. Saa ya ukutani ilihesabu dakika moja, mbili. Sakafu yangu ilikuwa imeanza kulowa.

Nikaweka mikono kwenye vibonye.

*Brom anainua kizuizi,* nikaandika. *Anasema: Nilikuwa nashangaa lini utalipa. Pita, bibie. Angalia ngazi, zina utelezi.*