Gamba la Nyoka wa Dewey

Macho ya nyoka yalikuwa yameingia ukungu wa buluu, na Lurleen Peavy alipouona ukungu ule alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu mumewe aondoke. Akagonga kioo cha tangi kwa ukucha. Nyoka hakujisogeza. Rangi yake ya chungwa, ambayo Dewey hakuchoka kuwaringishia wageni, ilikuwa imechujuka kama shuka iliyofuliwa mno.

"Haya, kufa," akamwambia. "Kufa polepole, nami nitazame."

Dewey alikuwa amehamia upande wa pili wa mji wa Waycross, kwa mwanamke anayeuza chambo cha samaki. Nyoka wake wawili wa mahindi, wale wanaosaka panya kwenye maghala ya wakulima, aliwaacha kila mmoja kwenye tangi lake la kioo. Ndoa nzima hakumruhusu Lurleen hata kuwagusa. Sasa Lurleen aliwapa maji, basi. Panya waliogandishwa, chakula chao, walibaki kwenye friji, na vipasha joto alivizima siku ileile.

Akampigia simu. "Yule mkubwa anakata roho."

Dewey akacheka. "Nilijua tu! Wewe hata magugu yangekufia mkononi. Jumamosi nakuja kumchukua aliyebaki."

Kicheko kile Lurleen alikwenda nacho kazini, kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, kikimkereketa kama mwiba wa samaki kooni. Akamsimulia mwenzake, Bi Odessa, aliyezaliwa shambani.

"Hafi huyo!" Bi Odessa alisema. "Anajivua gamba. Haoni vizuri sasa, usimshikeshike. Mwekee taulo bichi ajisugue, umwashie na joto. Akishamaliza ndipo umpe panya."

Lurleen alijihisi kama aliyeibiwa. "Kumbe hafi?"

"Ulitaka afe?"

"Nilitaka Dewey aumie."

"Mpenzi, mtu anayecheka mnyama wake akifa, kifo hicho kitamuuma wapi?"

"Sasa kitamuuma nini?"

Bi Odessa akakung'uta foronya. "Mie nijuaje? Wewe ndiye uliyelala naye."

Jioni ile Lurleen aliwasha vipasha joto vyote viwili. Alipoingiza taulo, nyoka akarusha kichwa na kumng'ata kidole. Akamtukana matusi ambayo hakuwahi kumtukana Dewey, akanyonya damu, kisha akaingiza mkono tena.

Baada ya siku chache gamba lilitoka zima, isipokuwa kipande kilichong'ang'ania ncha ya mkia. Bi Odessa alikuwa amemwonya kwamba kikiachwa kitaukaba mkia hadi ufe. Lurleen akalowesha vidole, akamshika nyoka kwa mara ya kwanza maishani mwake, na kukibandua taratibu. Alitarajia utelezi. Alikuta ukavu, ulaini, na nguvu iliyomzunguka kiganja bila haraka.

Jumamosi gari la Dewey lilisimama uani, yule mwanamke akiwa amekaa ndani. Dewey akapanda ngazi. Lurleen hakufungua mlango wa wavu. Alipenyeza mfuko wa karatasi wenye lile gamba penye upenyo wa chini.

Dewey akachungulia ndani ya mfuko. "Nini hiki?"

"Ndicho ulichokiacha. Mwenyewe ameshatoka."

Ndipo alipomwona nyoka amejiviringa kwenye mkono wa Lurleen, rangi imewaka kama kaa la moto. Uso ukamwiva. "Lurleen, usinichezee. Hao nyoka wangu."

"Hata mimi nilikuwa wako."

"Njoo, baba," Dewey akambembeleza nyoka, kidole kwenye wavu. Nyoka akarudisha kichwa, akajipenyeza ndani ya mkono wa blauzi ya Lurleen.

"Dewey!" yule mwanamke akapaza sauti kutoka garini. "Si ulisema hajui kufuga kitu?" Akacheka, akacheka hadi akapiga dashibodi.

Lurleen akafunga mlango wa mbao. Yule nyoka mdogo alikuwa ameshakula wake asubuhi; jikoni, panya wa pili alikuwa ameshayeyuka kwenye bakuli la maji ya moto. Akamrudisha nyoka tangini, akamning'inizia panya kwa koleo. Nyoka akaruka, akajiviringa, akaanza kumeza.

Nje injini ilikuwa bado inanguruma. Lurleen alivuta kiti, akatazama uvimbe mdogo ukishuka kooni mwa nyoka, polepole, kuelekea katikati ya mwili.