Nilisema Sare

Haya, nitegulie hili kabla chai haijapoa. Nyumba yangu ina milango minne: mmoja wa juu, miwili ya kando, na wa chini ndio mkubwa kuliko yote. Mwenye nyumba akitoka kwenda sokoni, anatoka nayo. Ni nini?

Unakuna kichwa. Nipe mji basi. Usinipe Mombasa, kila mtu hunipa Mombasa, sina tena mahali pa kuiweka. Nipe River Road ya Nairobi, kutoka juu hadi chini, na kelele zake zote. Nimeipokea. Jibu ni gauni. Unaingilia mlango wa chini, kichwa kinatokea wa juu, mikono inatokea ya kando.

Na kwa kuwa sasa River Road ni yangu, twende nikuonyeshe kitu huko.

Akina mama wa kanisa letu hapa Mountain View tuko kumi na wanane. Kila mwaka, Jumapili yetu ikikaribia, tunanunua kitambaa kimoja na kushona sare mpya. Mwaka huu kilikuwa zambarau, na kipande cha manjano cha kola. Mimi ndiye ninayeanzisha nyimbo. Nimezianzisha miaka thelathini na mmoja, na sina kitu kingine ninachokiona changu kama kile: kusimama mbele, kuvuta pumzi, na kusikia wenzangu wakinipokea.

Lakini mwenyekiti wetu, Mama Obuya, ana sheria moja. Asiye na sare hasimami mbele. "Hata awe malaika Gabrieli," husema, "bila sare ataketi na wageni." Na si mzaha. Kuna mwaka mkewe pasta alikuja na kola isiyo sawa, akaketi na wageni.

Fundi wetu wa kushona alikuwa mzee Jamleck, huko River Road, orofa ya pili, juu ya duka la mabomba ya maji. Alikuwa na daftari la vipimo vyetu. Vyangu alivichukua mwaka binti yangu Everlyn alipoolewa, na huyo Everlyn sasa ana watoto sekondari. Mwili wangu ulibadilika, daftari halikubadilika. Bega la kushoto limeshuka. Kwa hiyo kila sare ilipanda nyuma na kulala upande mmoja kama kitanda kibovu. Nilibana kwa pini nikaimba. Nilidhani ndivyo nguo zilivyo.

Mwaka huu wenzangu walishonewa mapema, mimi nikiwa Bungoma napalilia mahindi. Niliporudi na kitambaa changu mkononi, mzee alikuwa ameenda kwao kupumzisha magoti. Cherehani amemwachia binti yake, Nyawira. Upande mmoja wa kichwa amenyoa, upande wa pili nywele ni za kijani kama sukuma wiki.

Hakufungua daftari. "Shosho," akasema, maana ndivyo wanavyoita bibi zao, "tembea hadi dirishani, urudi."

"Nimekuja kushonewa ama kuuzwa? Unaniangalia kama ng'ombe wa soko."

"Tembea tu."

Nikatembea.

"Sasa keti. Inua mikono. Sasa cheka."

"Nicheke nini?"

"Chochote. Nguo ikikubana ukicheka, hiyo si nguo, ni polisi."

Hapo nilicheka kweli. Akapitisha kiganja begani pangu, polepole. "Hii bega ilibeba nini?"

"Ndoo za maji. Nilifua nguo za watu Kileleshwa miaka kumi na tisa, orofa ya nne."

Aliandika, akachora, akaandika tena. Nilipofika mlangoni akainua picha ya sare ya wenzangu. "Na hii mtindo ya wengine, nifanye?"

"Sare!" nikamwambia.

"Sare? Kabisa?"

"Sare kabisa, mjukuu wangu. Usiniletee mchezo."

Macho yakamng'aa. "Shosho, nimekupenda!"

Nikashuka ngazi nikijiuliza ni msichana gani wa siku hizi anayefurahia kola kiasi hicho.

Nilirudi Jumamosi mchana, siku moja kabla ya Jumapili yetu. Aliikunjua juu ya meza. Zambarau ilikuwa ile ile, lakini sikuona kola. Sikuona ile mikono ya kufura mabegani, wala mkanda wa kufungwa nyuma. Niliona shingo iliyosimama, na kitambaa kirefu kinachoshuka kwa mikunjo membamba.

"Hii ni nini?"

"Yako."

"Nilisema sare!"

"Si ndio nikasare!"

Tukatazamana. Mama mmoja aliyekuwa akishona zipu kwenye kona akaacha kukanyaga cherehani.

"Shosho," Nyawira akasema kwa sauti ndogo, "kusare ni kuacha kitu. Kuachana nacho. Nilikuuliza nifanye hiyo mtindo, ukasema sare. Nikajua hutaki."

"Sare ni nguo za kufanana! Hata mtoto wa chekechea anavaa sare!"

"Ngai!" Akaziba mdomo. "Na nikakuuliza kabisa, ukasema kabisa."

Yule mama wa zipu alicheka mpaka akalalia meza. Mimi sikucheka. Niliwaza ile sheria, na viti vya wageni, na wimbo wangu ukianzishwa na mtu mwingine.

"Kitambaa kimebaki?"

"Hakijabaki hata cha kufunga kidole. Nisamehe, shosho. Ivae tu nione kosa langu."

Akanivisha. Kisha akanigeuza kwenye kioo.

Sijui nikueleze vipi. Kwenye kioo alisimama mwanamke mrefu. Sikuwa najua mimi ni mrefu. Miaka yote hiyo, hakuna aliyeniambia. Pindo lilikuwa sawa pande zote, mbele na nyuma, kama maji kwenye karai. Bega langu lilikuwa pale pale liliposhuka, hakulificha wala kulijazia pamba. Mikunjo ilianzia hapo, ikateremka kutoka hapo, utadhani bega liliumbwa lishuke ili nguo ipate pa kuanzia. Kidogo nimwamkie yule mama wa kwenye kioo.

"Piga hatua," Nyawira akanong'ona.

Nikapiga. Ndani ya mikunjo manjano ikafunguka, ikafumba. Ile ya kola! Alikuwa ameificha yote ndani. Nikisimama, mimi ni zambarau tupu. Nikitembea, mwanga unatoka kwenye nyufa, hatua kwa hatua, kama mtu anayepita na taa nyuma ya mlango wa mbao. Nilienda dirishani nikarudi. Nikaenda tena. Nina miaka sabini na mbili, na nilikuwa nazunguka kile chumba kama mtoto aliyepewa viatu. Mama wa zipu alikuwa ameacha kucheka. Mikono yake ilikuwa imeanguka mapajani.

"Wewe ulijuaje?" nikamuuliza Nyawira.

"Nilijua nini?"

Nguo niliyokuja nayo akanifungia kwa gazeti, nami nikashuka River Road nimevaa ile. Mtu wa mkokoteni wa nondo, wale ambao hawasimami hata kwa ambulensi, akasimama. "Mathe, pita," akasema, na akavua kofia.

Jumapili nikafika kanisani mapema. Mama Obuya alikuwa mlangoni akikagua kola.

"Yawa! Mama Everlyn, hii ni nini?"

"Ni sare."

"Sare ya kanisa gani?"

Wenzangu wakaangua kicheko. Mmoja akasema, "Labda amehamia kwa maaskofu!"

"Kitambaa ni kile kile, Mama Obuya."

"Kitambaa nakiona. Kola iko wapi? Mikono iko wapi? Umetuacha, dada yangu." Akanivuta kando, sauti ikashuka, maana yeye ni mkali lakini si mbaya. "Sikiza. Mwenzetu Syokimau ana homa, hatakuja. Sare yake iko kwa mkoba wangu, na inakutosha. Ingia chumba cha nyuma, dakika mbili, utoke uanzishe wimbo. Hakuna mtu atauliza."

Akaitoa. Nikaiona ile kola, na ile mikono iliyofura. Nilijua itakavyopanda nyuma, na nilijua pini nitaiweka wapi. Mkono wangu ulinyooka wenyewe kuipokea, maana nautaka ule wimbo, sitakudanganya. Nikaugusa mkanda. Kisha mkono ukarudi.

"Hiyo ni ya Syokimau," nikasema. "Hii sitoi, Mama Obuya. Jana ndiyo mara ya kwanza nimejiona mzima. Niweke popote. Ukiniweka na wageni, nitaketi na wageni na sitanuna. Nisimame wapi?"

Aliikunja ile sare ya Syokimau mara mbili, mara tatu, ikawa ndogo kama kitambaa cha mkono. Kengele ikalia. Akina mama wakaingia wakajipanga mbele, kumi na sita pamoja naye, kola zote sawa. Akaniacha na swali langu mlangoni.

Kinanda kikaanza. Kikafika mahali pangu pa kuingia, hakuna aliyeingia. Kikarudi mwanzo. Wenzangu wakatazamana. Nikaona ni aibu kusimama mlangoni kama mdai, nikaanza kutembea kuelekea viti vya wageni. Viti hivyo viko upande wa pili, kwa hiyo njia yangu ilipita mbele ya kanisa lote.

Sikutembea kwa maringo. Nilitembea tu, kama ninavyotembea. Lakini jua la saa nne lilikuwa limeingia madirishani, na manjano ikaanza: ikafunguka, ikafumba, ikafunguka. Nikasikia mtoto akisema, "Mama, ona!" Kisha sikusikia kitu. Kinanda kilikuwa kimenyamaza, maana mpigaji naye alikuwa ametazama. Nikainua macho, nikaona zile shingo kumi na sita zimegeuka, na kwenye nyuso zao hapakuwa na kicheko hata kimoja. Mama mmoja alikuwa ameshika kola yake mwenyewe kwa vidole viwili, kama anayeonja kitambaa.

"Mama Everlyn!" Ni Mama Obuya. Sauti yake ilisikika hadi barabarani.

Nikasimama.

"Rudi mlangoni. Tembea tena."

Nikarudi mlangoni, mbele ya watu na pasta, nikatembea tena. Alinifuata kwa macho kutoka pindoni hadi begani, macho yakatua hapo begani. Alipofika usoni pangu, macho yake yalikuwa na maji.

"Uliniuliza nini pale nje?"

"Nilikuuliza nisimame wapi."

Akamshika mama wa kwanza kwenye mstari, akamsogeza. Akamsogeza na wa pili. Nafasi ikapatikana.

"Hapa mbele yangu," akasema. "Ukikaa nyuma, nitaionaje ikitembea?"