Kadi ya Kijivu

Kama ulitaka kumuudhi Rénovat, ungemwomba akupige picha. Angekutazama kama mtu aliyeombwa kufua nguo za jirani, kisha angekuambia kwa heshima zote kwamba wapiga picha wa watu wamejaa tele pale Rohero, katikati ya mji, wamekaa kwenye vigoda wakingoja wateja, nenda ukachague. Yeye alipiga maua. Maua, majani yenye umande, mijusi ukutani, na buibui kama buibui mwenyewe alikubali kutulia. Watu, alisema, wanapepesa macho, wanavuta tumbo ndani, na picha ikitoka wanalalamika kwamba pua ile si yao. Ua halikuwahi kumlalamikia.

Basi majirani zake wa mtaa wa Mutanga Nord wakamwita Bwana Maua, naye hakuchukia. Mchana alikuwa karani wa wizara, mtu wa mihuri na mafaili. Akirudi nyumbani alivua tai, akafungua begi lake, na hapo ndipo siku yake ilipoanza. Ndani yake mlikuwa na kamera inayojisogezea filamu yenyewe, lenzi ya kukuza vitu vidogo, flashi, stendi ya miguu mitatu, waya wa kubonyezea bila kuitikisa kamera, na kipira cha kupulizia vumbi. Burundi ilikuwa vitani. Risasi zililia milimani, na amri ya kutotoka nje iliwarudisha watu majumbani mapema kama kuku. Yeye alikaa akifuta lenzi. Usimcheke. Kila mtu wakati ule alitafuta kitu cha kuushikilia moyo usianguke. Wengine walishika chupa, wengine rozari.

Vifaa vile karibu vyote vilipitia mikononi mwa Musafiri, Mkongomani wa Uvira mwenye duka la kusafisha picha Rohero. Sijui kama dunia ina mtu aliyejua kumpokea mteja kuliko huyo. Alikufuata mlangoni. Alikumbuka mtoto wako anaitwa nani na mara ya mwisho alikuwa anaumwa nini. Ukimletea kamera iliyoingia mchanga, aliifungua, akaisafisha, akakurudishia huku anakuomba msamaha, kana kwamba mchanga aliutia yeye. Picha ikitoka na rangi isiyomridhisha aliichapa upya kabla wewe hujaiona. Wenzake wa biashara walimwona mjinga, lakini wateja wao walikuwa wakihamia kwake mmoja mmoja.

Mwaka wa tisini na tano Rénovat na mkewe Scholastique walikimbia kutoka Mutakura, mtaa waliokaa kabla ya Mutanga Nord, alfajiri, mitutu ikilia nyuma yao. Scholastique alimfunga mgongoni binti yao Christa, mtoto wa mwaka mmoja na nusu, mkono mmoja akashika sufuria, na wa pili akashika stendi ya kamera, maana mumewe alikuwa ameelemewa na begi. Albamu ya harusi ilibaki juu ya kabati, pamoja na filamu zote za zamani. Nyumba iliporwa, kisha ikachomwa.

Musafiri aliposikia habari hiyo alivuta droo.

"Patron, kuanzia leo filamu zako ziache hapa kwangu," alisema. "Hapa Rohero kuko salama kidogo. Mi nitakuchungia. Kitu ya client mi siwezi kukipoteza. Na hii uchukue. Haiko ya kuuza, ni cadeau. Ndugu yangu ameituma toka Dubai, nikasema hii ni ya patron wa maua."

Ilikuwa kadi ngumu, kubwa kama daftari lililofunuliwa, ya kijivu pande zote, haina hata herufi. Rénovat aliigeuza asielewe.

"Ukianza filamu mupya," Musafiri akamweleza, "madame asimame pale penye ua, ashike kadi, we upige moja. Mi nikiona hiyo kijivu, najua mwanga wa siku hiyo ulikuwa namna gani, na rangi zote zingine nitazipata sawasawa. Aiinue tu mbele ya uso, ili we usihangaike kushusha kamera."

"Hiyo ya kwanza usinichapie," alisema Rénovat. "Sina haja nayo."

"Ndiyo, patron. Sitaichapa."

Ikawa hivyo. Kila filamu mpya ilipoingia kwenye kamera, Rénovat aliita, na Scholastique akatoka jikoni akifuta mikono kwenye kitenge, akasimama kando ya ua lililochaguliwa siku hiyo.

"Inua."

"Nimeinua."

"Inua kidogo tena."

Na nyuma ya kadi mwanamke hakunyamaza. Alimwambia maharagwe yanaungua. Alimwambia jirani amejifungua mapacha. Alimtania kwamba siku moja atakuja kuomba picha yake mwenyewe, halafu hatajua asimame vipi bila kushika kitu. Rénovat alicheka huku jicho likiwa kwenye kamera, akabonyeza, akasema asante, basi. Scholastique alirudi kwa maharagwe yake, na mumewe akainamia ua. Na picha zikatoka! Kila jani na kijani chake, kila petali na wekundu wake. Watu wa ofisini walizitundika ukutani.

Scholastique alikufa mwaka wa tisini na saba, katika barabara ya kupanda Bugarama. Alikuwa anakwenda kumwona mama yake mgonjwa, na basi dogo alilopanda likamiminiwa risasi kwenye kona. Mkoba wake haukuonekana tena, na kitambulisho chake kilikuwa humo. Siku ya mazishi walitafuta picha ya kuweka juu ya jeneza. Ya harusi ilikuwa imeungua Mutakura. Nyumba ya wazazi wake ilikuwa imechomwa tangu tisini na tatu, na kila kilichokuwemo. Wakazunguka kwa ndugu, kwa wanakwaya wenzake, kwa majirani. Hapakuwa na kitu. Kinyozi hajinyoi, mtu mmoja alinong'ona nyuma ya umati, na Rénovat alisikia. Alimzika mkewe bila picha.

Tangu siku hiyo begi la kamera halikufunguliwa. Maua yaliota yakanyauka bila shahidi.

Zilipobaki wiki chache kufika kuganduka, siku ya kumaliza matanga inayokuja miezi mingi baada ya mazishi, dada mkubwa wa marehemu alikuja kupanga mambo. Huyo ni Consolée, mwanamke wa maneno machache na yote mazito. Walikuwa wamekaa sebuleni, Christa amelala kifudifudi juu ya mkeka, wakadhani amesinzia.

"Papa," mtoto akasema, "mi simuoni tena mama. Zamani nikifunga macho nilikuwa ninamuona. Sasa nikifunga, ni giza."

Consolée alimvuta mtoto mapajani, akamtazama shemeji yake juu ya kichwa kile kidogo.

"Shemeji, siku ya kuganduka picha iwe mezani," alisema. "Sijui utaitoa wapi. Tafuta. Huyu mutoto asipoteze mama yake mara mbili."

Ilikuwa siku ya pili, ofisini, akigonga muhuri, alipokumbuka zile picha za kwanza. Scholastique yumo! Yumo mwanzoni mwa kila filamu, miaka miwili mizima, kando ya kila ua, akimsemesha. Rénovat alimwona wazi kabisa kichwani mwake, midomo ikicheza, macho yakimcheka. Muhuri ulibaki juu ya meza, na mtu wa heshima akakimbia katikati ya Rohero tai ikiwa begani.

"Musafiri! Zile za kwanza. Ulizitupa?"

"Nizitupe?" Musafiri karibu akasirike. "Ulisema nisichape. Ya kutupa hukusema."

Akampa kiti kwanza, akamletea maji, akamwuliza Christa anaendeleaje. Halafu akaingia nyuma, akarudi na sanduku. Ndani yake bahasha zilipangwa vizuri, kila moja na jina la Rénovat kwa mwandiko wa kupendeza, kavu, bila vumbi. Rénovat alitaka kumbusu mikono. Alimweleza yote, ya kuganduka na ya mtoto.

"Basi tutafanya kubwa," alisema Musafiri. Nchi jirani zilikuwa zimeifungia Burundi biashara, na karatasi ya picha ilikuwa haipatikani tena. Alibaki na pakiti moja aliyoitunza kwa ajili ya picha za vitambulisho. Aliitoa akaiweka mezani. "Kwa madame, hata ikiisha, iishe."

Akawasha taa chini ya meza ya kioo, akalaza utepe wa kwanza wa filamu, akainama na kioo chake cha kukuzia. Rénovat alisimama nyuma ya bega lake.

"Namuona," alisema Musafiri. "Huyu hapa. Robo yake, ile gauni ya maua... mikono... kadi." Akasogeza utepe mwingine. "Hapa tena. Mikono, na kadi." Akaweka wa tatu. Akaweka wa nne. Mtu yule aliyekuwa hana uchovu wa kusema na mteja alianza kupunguza maneno, mwishowe akawa anasogeza tu.

"Nipe mimi," alisema Rénovat.

Akatazama mwenyewe. Robo aliijua. Kitenge alikijua. Vidole, pete, ndala iliyokatika ukanda. Na juu ya shingo, katika kila moja, pembe nne za kijivu, zimeinuliwa sawasawa kama alivyoagiza. Katika moja tu kadi haikuwepo, maana Scholastique alikuwa ameshageuka kuwahi chungu, na kamera ilimpata kisogo. Rénovat alirudia zote kuanzia mwanzo, akitumaini labda ameruka. Hakuwa ameruka.

Ndipo alipoelewa kwamba ule uso aliouona ofisini haukutoka kwenye kamera. Ilikuwa sauti aliyoikumbuka, na moyo ukaivisha sura. Miaka miwili alimwita mkewe mwangani, akamtazama kwa lenzi bora kuliko zote mjini, na alichotazama kilikuwa mwanga. Alikalia kile kiti akalia kwa sauti, mbele ya wateja, kama mtu aliyepokea habari ya kifo sasa hivi.

Musafiri alifunga mlango wa duka. Alivua miwani.

"Mi ndo nilisema ainue," alisema. "Patron, unisamehe. Nilikupa cadeau mubaya."

"Apana. We ulinipa kadi tu. Aliyekuwa anasema inua ni mimi."

Wakakaa. Baadaye Musafiri, kwa kuwa hakuzoea mteja atoke mikono mitupu, akasema taratibu kwamba iko namna. Watu wengi siku hizi wanaleta picha za wafu wao na kuomba wavalishwe suti. Angeweza kuchukua uso wa Consolée, ndugu wanafanana, akaukata, akaubandika pale penye kadi, akaupiga tena, asingejua mtu.

Rénovat alifikiria. Alifikiria kwa muda mrefu, maana kishawishi kilikuwa kikubwa.

"Mutoto atakuwa anapenda sura ya mutu mwingine," alisema mwishowe. "Nichapie hii hii, na kadi yake."

Sijui kama katika mji ule ilipata kutoka picha yenye rangi za kweli kama ile. Musafiri alitumia karatasi tatu kubwa mpaka ikamridhisha. Manjano ya robo yalikuwa manjano yenyewe. Ua la hibiskasi kando yake lilikuwa jekundu mpaka ungetaka kulichuma. Na ngozi ya mikono ile ilikuwa ngozi ya Scholastique, si nyeusi zaidi wala nyeupe zaidi. Akaitia kwenye fremu na kioo, akaifunga kwa karatasi safi, na akamsindikiza mteja wake mpaka barabarani.

Siku ya kuganduka turubai la shitingi lilifungwa uani, viti vikapangwa, kreti za Fanta na bia zikawekwa kivulini. Katekista akaomba. Picha ilikuwa juu ya meza yenye kitambaa cheupe. Waliofika walisogea kuisalimia, wakasimama, wakakohoa, wakaenda kukaa bila kuangaliana. Mama mmoja aliuliza kwa sauti ya chini kama fremu imewekwa vibaya.

Consolée aliijia akiwa na hasira. Rénovat aliiona katika hatua zake.

"Ni kitu gani hii, Rénovat? Dada yangu iko wapi?"

Kisha akainama. Kwenye kidole gumba cha kushoto palikuwa na kovu, la mafuta yaliyowarukia wakiwa wasichana wakikaanga mihogo kwa mama yao. Consolée aliligusa juu ya kioo. Hasira ikamwisha, akaegemea meza, na akinamama wawili wakamshika wakamkalisha. Rénovat alisimama palepale kando ya meza. Alikuwa amejiandaa kueleza, habari za mwanga na za rangi, lakini alichofanya ni kunyoosha kitambaa cha meza.

Christa alikuja wa mwisho. Walikuwa wamemvalisha gauni jeupe na viatu vinavyombana. Aliangalia picha kwa utulivu, kichwa upande, kama mtu anayengoja. Halafu akaiinua fremu kwa mikono miwili, akaigeuza, akachungulia nyuma. Palikuwa na kadibodi ya kahawia na misumari midogo. Akaigeuza tena akairudisha mezani, polepole, asiiangushe. Akamshika baba yake kidole.

"Papa," alisema, "umuambie ashushe."